Karatasi Isiyo na Picha

Zipporah Mwende alifika London mwaka wa tisini na tatu, akapata kazi ya kutunza wazee karibu na Woolwich. Kwa miaka kumi hakuwa na sifa nyingine ila ile ya kufika kazini kabla ya zamu kuanza. Alikaa Thamesmead, ghorofa ya nne. Hakuolewa. Ukimuuliza habari za nyumbani, alikuwa akikutajia watu wawili tu: mama yake aliyekuwa Kangundo, na Tom, mdogo wake waliyepishana miaka tisa. Baba yao alikufa Tom akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba alikuwa Zipporah.

Tom naye alikwenda Amerika mwaka wa tisini na sita kusomea uhandisi. Aliandika barua ndefu, zenye vichekesho, na za mama aliziandika kwa Kikamba, asomewe na jirani. Kisha barua zikafupika. Krismasi ya mwaka elfu mbili ilikuja kadi moja yenye muhuri wa posta wa mji mdogo kusini mwa nchi ile, na baada ya hapo kimya. Chuo kilipopigiwa simu kilisema kijana huyo aliacha masomo zamani. Mama akauliza kila Jumapili kama Tom amepiga simu, na Zipporah akawa anamwambia amepiga, anakusalimu, ana kazi nyingi. Uongo huo ulimwelemea kuliko wazee aliowainua vitandani.

Kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili ya Jumapili alasiri, palikuwa na mama mmoja, Daisy, aliyefanya kazi ofisini na kuijua kompyuta. Alikuwa wa kwao, tena mwepesi wa kusaidia. Siku moja ya mwaka elfu mbili na tatu alimwambia Zipporah kwamba kule Amerika majina ya waliokamatwa huwekwa kwenye intaneti, kaunti kwa kaunti, mtu yeyote akayasoma.

"Tuangalie tu tuhakikishe hayumo," Daisy alisema, "ndiyo utulie."

Wakaangalia Jumamosi mchana, sebuleni kwa Daisy, chai ikiwa mezani. Kaunti yenye ule mji wa kwenye kadi ilikuwa na watu wachache kuliko Thamesmead. Ukurasa wa sherifu wake ulikuwa na nyota kubwa ya dhahabu juu, na chini yake kisanduku cha kuandika jina. Daisy akaandika Mutiso, jina la ukoo la Tom. Katika kaunti ile hapakuwa na Mutiso wawili. Ulitokea mstari mmoja, Daisy akaubonyeza, na picha ikaanza kushuka polepole, nywele kwanza, halafu paji la uso, halafu macho.

Alikuwa amevaa shati la rangi ya chungwa, midomo imekauka, anatazama juu kidogo kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya aliyempiga picha. Pembeni paliandikwa urefu wake, uzito wake, tarehe ya mwezi wa nane mwaka elfu mbili na moja, na shtaka: wizi wa gari.

Kitu cha kwanza alichohisi Zipporah kilikuwa furaha. Yu hai, au alikuwa hai mwaka ule. Kwa furaha hiyo hakujisamehe baadaye. Ilimfanya akae dakika nzima akiutazama uso wa ndugu yake bila kuangalia mikono ya Daisy, na mikono ya Daisy ilikuwa ikichapisha. Zilitoka karatasi mbili. Moja alipewa yeye, akaikunja akaitia kwenye mkoba. Hiyo ya pili hakuiulizia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa mahitaji ya maombi, Daisy alisimama akaomba kanisa limkumbuke ndugu wa dada yetu Zipporah, aliyefungwa Amerika kwa wizi. Aliitaja kaunti ili maombi yafike mahali pake. Watu wakainamisha vichwa. Zipporah akainamisha chake pia, maana angefanya nini, na shingo ikamuuma siku nzima kama aliyelala vibaya.

Baada ya hapo habari ikajiendea yenyewe. Kuna aliyeandika anwani ya ule ukurasa, kuna aliyeituma kwa imeli kwa binamu yake Machakos, na kwenye saiba, duka la intaneti la mjini pale, kijana wa jirani akaifungua, akaichapisha kwa rangi, akaipeleka Kangundo nyumba ya tatu kutoka kwa mama yao. Hazikupita siku kumi na mbili. Mama alipopokea simu Jumapili hakuuliza kama Tom amepiga. Aliuliza, "Miaka hii yote ulikuwa ukinipa salamu za nani?"

Zipporah hakulala na jambo hilo. Kesho yake, kwenye mapumziko ya saa kumi, kule kukiwa asubuhi, alisimama kwenye kibanda cha simu na kadi yake ya kupigia, akapiga jela ya kaunti. Alipokea mwanamke mmoja mwenye sauti ya polepole na ya upole. Alitafuta, akasema mtu huyo hayupo kwao. Alikaa siku hamsini na mbili, akatoka.

Zipporah akamuuliza alitoka kwa sababu gani.

"Hilo sisi hatuliandiki, mama. Sisi huweka waliokamatwa. Yaliyofuata yako mahakamani, ng'ambo ya barabara. Waandikie."

Akawaandikia, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Akangoja wiki saba. Bahasha ilipokuja ilikuwa na karatasi moja yenye muhuri na sahihi ya karani. Ilisema kwamba Tom Mutiso alikuwa abiria katika gari lililoazimwa na mtu aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kuku. Kwamba mwenye gari alifika mbele ya hakimu akakiri alilitoa kwa hiari yake na kusahau. Kwamba kesi ilifutwa. Zipporah aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

Alimpelekea Daisy kwanza. Daisy alisoma, akasema Mungu ni mwema, akamrudishia. Zipporah akamwomba asimame Jumapili aseme haya kama alivyosema yale.

"Sisi tuliomba tu, dada," Daisy alisema. "Na unaona maombi yamejibiwa."

Mchungaji naye alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa huruma kuwa si vizuri mambo ya familia kusomwa madhabahuni. Kuhusu ule ukurasa, Zipporah alimpigia tena yule mwanamke wa jela kuomba picha iondolewe. Akajibiwa kuwa ni kumbukumbu za umma, na kumbukumbu za umma haziondolewi.

Desemba alikwenda nyumbani na karatasi ile ndani ya Biblia. Alimsomea mama yake kwa Kikamba, neno kwa neno, mara mbili. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliichukua, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akatoa ile ya jirani kutoka chini ya godoro na kuziweka zote mbili magotini.

"Hii ina uso wa mtoto wangu," alisema. "Hii yako haina uso. Yeyote anaweza kuandika."

Machi mwaka uliofuata simu ya Zipporah ililia mchana akiwa anavua aproni. Aliijua pumzi kabla ya sauti.

"Dada, ile picha ni wewe uliyeitoa?"

Alijaribu kueleza mambo mengi kwa wakati mmoja: kadi, muhuri, mama, Daisy, karatasi ya mahakama. Tom alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba amehamia jimbo lingine, ana kazi nzuri, na kuna binti aliyekuwa akitaka kumwoa. Wakenya wa mji huo wamepokea ile imeli. Binti ameisoma na kazini wameisoma. Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Zipporah.

"Nilinyamaza ili Mama asijue kuwa nimewahi kukaa mahali pale," alisema. "Nilitaka kwanza nisimame, halafu nirudi kwenu na kitu. Nikavumilia miaka miwili na nusu. Wewe umenimaliza Jumapili moja."

"Nilikuwa nakutafuta, Tom."

"Basi umenipata," akasema, akakata simu. Namba aliyopigia haikupokelewa tena, na baada ya mwezi ikawa ya mtu mwingine.

Mama yao alikufa mwaka elfu mbili na sita. Zipporah aliwahi mazishi kwa ndege ya usiku, akaketi mstari wa mbele na miguu iliyovimba. Mjomba alisimama kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliongoza umoja wa akina mama kwa miaka mingapi. Mwisho akasoma kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, Zipporah Mwende, anayefanya kazi Uingereza.

Watu walipokwenda kula, alimfuata mjomba nyuma ya hema akamuuliza nani aliyeandika vile. Mjomba alishindwa kumtazama. Alisema aliandikishwa na mama mwenyewe, Pasaka iliyopita, akiwa na akili zake timamu, na alipomkumbusha kwamba ana mtoto wa pili, mama alimwambia aandike anavyoambiwa.

Karatasi ya mahakama ilikuwa kwenye mkoba wa Zipporah, aliibeba kwa ajili ya siku hiyo, lakini waombolezaji walikuwa wamekwisha kupanga foleni na sahani zao. Alirudi London Jumanne, na Jumatano asubuhi alikuwa kazini.