Siku Nilipompa Mkwe Malenge Akate

Sikuwahurumia mbuzi. Haya, nimesema! Nilikana mbele ya wazee, mbele ya wifi yangu, mbele ya binti yangu mwenyewe, na hata nikiwa peke yangu kwenye mkeka nikivuta pumzi kwa tundu moja la pua. Leo nimechoka kukana. Sikuwahurumia hata kidogo.

Mimi ni mama wa makamo, nimesoma chuo kikuu, na huandika makala za kuwafundisha watu namna ya kuishi. Chekeni tu.

Yoga niliianza hapa Nyeri mjini kwa sababu ya mgongo. Mgongo ukapona, kichwa kikaugua. Nikasoma falsafa yake ya kale, nikatenga kona ya ibada sebuleni, ubani ukifuka chini ya kalenda ya kanisa. Nikajifunza kwamba anayeifuata njia hiyo huanza na ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe. Inayofuata ni satya, ukweli. Hiyo ya pili niliiruka kama dimbwi la barabarani.

Ndipo binti yangu, nitamwita Shiru, akamleta Kariuki wa Endarasha. Kijana mpole, muuza nyama, mwana wa muuza nyama. Mimi nilikuwa nimemwazia daktari, au walau mhasibu. "Sina shida naye," nilimwambia kila aliyeuliza. Uongo! Nilikuwa na shida na buti zake, na kicheko chake, na namna alivyomtazama ng'ombe wangu kama anayemgawanya vipande.

Mahari ikaisha, ikabaki ngurario. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo sherehe ya mwisho, nyumbani kwa msichana, ambapo bwana arusi hukata bega la mbuzi mbele ya pande zote mbili. Likishakatwa, ndoa imefungwa kwa desturi. Lisipokatwa, hata mvae pete vidole vyote, watu wa mume hawamhesabu msichana kuwa mke.

Nilijua hilo vizuri. Vizuri sana!

"Katika boma hili haitamwagika damu," nikatangaza. "Wala nyama haitavuka lango." Marehemu mume wangu aliniachia boma letu la Gakindu, kwa hivyo mashemeji walijikuna vichwa tu. Dada yao Nyambura ndiye ambaye hakunyamaza.

"Mama Shiru, si Krismasi ulikula mbavu mpaka ukaramba sahani?"

"Nimebadilika."

"Umebadilika ama unamchukia huyo kijana?"

"Wifi, chuki ni sumu kwa anayeibeba."

"Ati sumu! Hiyo kitu yako iko na jina kwa Kikuyu, na si jina mzuri."

Siku ikafika. Wageni wa Endarasha walishuka na mbuzi wao, nami nikawapokea langoni nimeunganisha viganja kifuani kama mtakatifu wa kwenye picha. Mbuzi wakafungwa nje, kwenye kahawa ya jirani. Wakati wa kukata bega ulipowadia, nilileta sinia mwenyewe. Juu yake kulikuwa na malenge ya shamba langu, yamechemshwa yakiwa mazima.

Mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele cha kejeli.

Kariuki alishika kisu. Alinitazama, akamtazama Shiru, akakata. Taratibu, kwa adabu, kana kwamba lile lilikuwa bega kweli. Ole wangu! Nilikuwa namvua nguo mbele ya ukoo wake, naye ananiheshimu.

Baba yake akavaa kofia. "Mama," akasema, "tulikuja kuoa. Hatukuja kupika." Wakaondoka bila kuonja kitu, mbuzi wakiwafuata.

Shiru alinikuta jikoni. "Mum, niambie ukweli. Ni mbuzi ama ni Kariuki?"

Nilifumba macho, nikavuta pumzi. "Mimi niko na amani."

"Sijakuuliza kama uko na amani!"

Alimfuata Kariuki vivyo hivyo, wakapanga nyumba mjini. Kwa sherehe za Endarasha hakuketishwa na wake wa ukoo. Walimweka na wageni, wakamwita "yule wa malenge". Nilisikia, nikawasha ubani.

Nikaenda kutafuta sifa kwa Mama Nisha, rafiki yangu Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kwao hawajala nyama tangu mababu. Nilidhani atanikumbatia.

"Kijana yangu alioa Mkikuyu," akasema akikunja kitambaa. "Mbuzi ikachinjwa mbele yangu, mimi nikakula viazi. Nilikufa?"

"Lakini ahimsa, Mama Nisha…"

"Ahimsa gani? Wewe umechinja mtoto ya watu na malenge! Usishike Mungu yangu kama rungu. Enda, niko na wateja."

Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Hata hapo nilikana. Nilikana mpaka Nyambura aliponifumania Karatina, ndani ya kibanda cha nyama choma, mafuta ya mbuzi kidevuni. Hakunitukana. Aliunganisha viganja kifuani, akainama.

"Amani, wifi."

Mfupa ulinidondoka mkononi. Laiti angenitukana!

Kisha Shiru akapata mimba, na hofu ikaniingia. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Bibi wa upande wa mama husubiri binti wa pili. Jina lake likitangulia, kila mtu anaelewa kwamba mtoto huyo hana upande wa baba. Nilimtuma Nyambura Endarasha aniombee: njooni tena, mbuzi wachinjwe hata sebuleni kwangu, mradi mtoto azaliwe kwenu. Wazee wakajibu kwamba watashauriana.

Nikangoja. Na kungoja ndiko kulikonifundisha yale ambayo mkeka haukunifundisha. Kwa hivyo nyinyi mnaokaa kwenye mikeka, na nyinyi mnaopiga magoti kanisani pia, nisikieni! Ukimchukia mtu, mchukie kwa jina lako mwenyewe. Usimtume Mungu akuchukie kwa niaba yako. Chuki ikishavishwa joho la utakatifu haitibiki, kwa sababu hakuna anayethubutu kuiita ugonjwa, na mwenye kuugua ndiye wa mwisho kujua.

Nilikuwa nachambua kahawa simu ilipolia.

"Mum, nimejifungua. Ni msichana."

"Mungu asifiwe! Na Endarasha, walikuja?"

"Walikuja hospitali. Walimwangalia, wakatusalimia, wakarudi."

"Hawakusema neno?"

"Walisema wao walishakuja kukata mbuzi mara moja. Hawatakuja mara ya pili."

Nyuma yake nilimsikia Kariuki akimbembeleza mtoto kwa sauti ya chini. Nikauliza nikijua, nikitumaini sijui.

"Na jina, Shiru? Si mmempa la mama yake Kariuki?"

"Alikataa. Anasema jina yake haiwezi kupewa mtoto wa mgeni. Anaitwa wewe, mum. Hongera."