Kupe wa London na Uso Wangu Uliolala

Kabla sijaugua nilikuwa mtu nisiyejua kukaa. Naendesha basi la abiria huku Barking, mashariki mwa London, na siku ya mapumziko kochi halinioni. Nafua, napika, kisha natoka na dada Rehema, rafiki yangu wa kanisani, tunakwenda kutembea kwenye bustani kubwa yenye miti na kulungu. Kiangazi kile nyasi zilifika magotini. Tulipita katikati yake tukicheka, mimi na kaptula yangu.

Siku chache baadaye, naoga, nikaona doa nyuma ya goti. Halikuwa jekundu. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yangu, kama la mtu aliyejigonga, na kila nilipolitazama lilikuwa limetanuka. Haliumi, haliwashi. Nikasema nimejigonga kwenye basi. Nikapaka mafuta, nikaenda kazini.

Kisha maumivu yakaanza kuhamahama. Leo bega, kesho goti, keshokutwa shingo imekaza hadi kutazama kioo cha pembeni ni kazi. Homa inakuja, inaondoka. Nikilala nageuka, nikigeuka nainuka, nikiinuka nataka kukaa. Mume wangu akasema, "Mama Neema, umechoka tu. Punguza zamu." Nilipopiga simu kliniki wakaniambia ni virusi, nipumzike, ninywe maji. Nikanywa maji. Kupumzika kukanishinda.

Asubuhi moja napiga mswaki, maji yakachuruzika upande wa kulia wa mdomo. Nikajilazimisha kutabasamu kwenye kioo, ikatabasamu nusu tu ya uso. Jicho la kulia halikutaka kufumba. Binti yetu Neema anasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alipiga kelele kwa Kiswahili: "Baba, njoo! Uso wa Mama!"

Hospitali walidhani ni kiharusi. Wakapiga picha ya kichwa, hawakuona kitu. Wakasema mshipa wa fahamu wa uso umelegea, na mara nyingi sababu haijulikani. Nilikaa pale kitandani natikisa mguu. Dereva asiyefumba jicho haendeshi basi. Na kama nitabaki hivi? Shangazi yangu akapiga simu kutoka Singida: "Mwanangu, huo ni mkono wa mtu. Rudi nyumbani uombewe." Nikamwambia aniombee akiwa hukohuko.

Ndipo akaja daktari mwingine, dada mdogo tu, akavuta kiti.

"Umewahi kung'atwa na kupe?"

"Kupe ni wa ng'ombe, daktari. Kwetu tuliwapeleka ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa. Hapa London kupe nitampata wapi?"

"Kwenye nyasi za bustani. Wengi hawana kitu, ila baadhi wamebeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Zamani tulikuwa tukiuliza kama mgonjwa ametoka misitu ya mbali. Siku hizi tunauliza hata aliye mjini. Uliona duara jekundu pale alipokung'ata?"

"Hapana."

Akataka kuinuka, akakaa tena. "Doa lolote lililotanuka?"

Nikamgeuzia goti. Doa lilikuwa limefifia, ila ukingo wake bado ulionekana. Akainama na tochi, akalitazama kwa muda. "Samahani," akasema. "Picha nyingi tulizosomea ni za ngozi nyeupe."

Wakatoa damu, na dawa nikaanza bila kungoja majibu. Majibu yalipokuja, ni Lyme kweli.

Wiki tatu za vidonge. Tumbo lilivurugika, na kwa dawa hizo jua likanichoma kama siyo lile nililokulia. Kila wakati wa kulala mume wangu alinitia matone, akanibandika jicho kwa plasta, polepole, kama anayefunga kitu cha kuvunjika. Mchana nilishinda kwenye kioo najaribu kukunja nyusi. Vidonge vikaisha, uso bado umelala. Nikamuuliza daktari, mbona? Akasema dawa imefanya kazi yake, mshipa nao unataka muda. Muda! Kwa mtu kama mimi!

Kisha siku moja nakula kwa dada Rehema, nalalamika kwamba pilau yake haina chumvi, akaweka kijiko chini. "Sema tena."

"Haina chumvi."

"Yunisi, nyusi imepanda!"

Tukaruka jikoni mle kama wasichana.

Leo nimerudi kwenye usukani. Nikichoka sana, kona ya mdomo bado hulegea kidogo. Namshukuru Mungu, na yule daktari aliyekaa tena kwenye kiti.

Wapendwa, tembeeni, msiogope bustani. Vaeni suruali ndefu, mkirudi mjikague nyuma ya magoti, kwapani, na watoto kichwani. Ukimkuta kupe, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Ukiona doa linalokua, au homa isiyoeleweka, nenda, na neno kupe ulitaje wewe kwanza. Wakikuuliza kuhusu duara jekundu, vua soksi, pandisha suruali, waambie: kwenye ngozi yangu linaonekana hivi.