Vyombo Vyepesi vya Malava

Kwetu, mama mkwe haingii jikoni kwa mkwe wake hivi hivi. Kwa hivyo binti wa kaka yangu alipoolewa Malava, kazi ya kumpelekea vyombo ikawa yangu mimi, senje yake, dada wa baba. Wifi yangu, mama yake, alinishika mkono, akaniomba nimwangalie mtoto mwenyewe vizuri, si nyumba yake.

Alikuwa na sababu. Mahari ilikuwa imeshapokelewa tuliposikia kwamba mke wa kwanza wa bwana huyo aliondoka kwake akiwa amevunjika mkono, umefungwa plasta. Kaka yangu alisema ni umbea. Mimi nilijiambia lisemwalo lipo.

Kununua vyombo ninakujua. Ukoo mzima unapikia sufuria zangu, na huwa najisifu kwamba hakuna iliyotoboka. Lakini siku hiyo, sokoni Kakamega, niliogopa kila kitu. Muuzaji alinipa pani ya chapati ya chuma, nzito, ya kurithisha wajukuu. Nilipoiinua sikuona chapati, niliona kichwa cha msichana wetu. Nikairudisha haraka. Mwiko wa kusongea ugali wa wageni, ule mnene, nao sikuutaka. Nilipima kila chombo mkononi kwanza, nikifikiria kikirushwa kitaumiza vipi. Mwishowe nikachukua sufuria nyepesi, vikombe vya plastiki, chujio la chai na mwiko mwembamba. Kisu sikukigusa. Muuzaji alicheka, akauliza kama bibi arusi atakata sukuma wiki kwa meno. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili.

Malava nilimkuta peke yake, mume ametoka na pikipiki yake. Alifurahia vyombo, akavipanga, akateleka chai. Nikaanza kujitetea kuhusu kisu, nikamdanganya kwamba nimesahau. Papo hapo nikaona sukuma kwenye beseni. Ilikuwa imechanwachanwa kwa vidole.

"Usijali, senje," alisema, akiinama kupuliza moto. "Hata kisu yangu nawekanga kwa jirani. Naendanga kuichukua mzee wangu akishatoka, nairudisha kabla hajafika. Leo jirani ameenda shamba."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilitaka kumwuliza ni tangu lini, na kwa nini hajarudi nyumbani, lakini pikipiki ilisikika njiani.

Aliruka. Aliuchukua ule mwiko mpya, ule mwembamba niliouchagua kwa woga wangu wote, akausukuma nyuma ya gunia la mahindi. Kisha akasimama akisikiliza.

Pikipiki ilipita. Mwiko hakuutoa.