Nilichagua Vijiji Mbele ya Koleta

Leo nimeaibika sokoni Kayanga, na kosa lenyewe ni la miaka ya tisini mwanzoni.

Wakati ule mwalimu mmoja mgeni alitufundisha mchezo wa mezani wa mashujaa wapanda farasi. Unarusha dadu, unasimulia shujaa wako anafanya nini, unapigana vita. Ukijipatia heshima ya kutosha, unaruhusiwa kuoa, hata binti mwenye ardhi.

Siku hiyo shujaa wangu alishinda. Nikawekewa mabinti wawili: mpole asiye na kitu, na mkali mwenye vijiji viwili.

Nikasema kwa sauti, "Nipeni vijiji! Tabia tutavumiliana huko huko."

Meza nzima ikacheka, isipokuwa Koleta.

Koleta alikuwa mchumba wangu. Marehemu baba yake alimwachia, yeye mtoto wa pekee, kibanja kikubwa cha migomba kule Nyakakika.

Akaniuliza, "Na mimi je, nisingekuwa na kibanja, ungenichumbia?"

Jamani, mimi nikaokota dadu nikarusha tena. Akainuka akaondoka, na uchumba ukaishia pale.

Leo nimemkuta ananunua maharage na mumewe. Tumesalimiana vizuri tu, kisha nikaropoka, "Kibanja kinaendeleaje?"

(Sijui mdomo wangu una nini.)

Akatabasamu. "Baba wadogo walikichukua mwaka ule ule. Huyu alinioa sina hata mgomba mmoja."

Mumewe akanipa mkono kwa furaha, hajui mimi ni nani.

Nimeupokea huku natazama chini.

Ninyi mngesema nini?