Soksi Juu ya Kengele

Jamani, kuna watu wamewahi kuteleza mbele ya maharusi, kuna watu wamewahi kusinzia kwenye usaili wa kazi, lakini hao wote wakae pembeni kwanza, kwa sababu mimi nilimuua baba yangu mdogo kwa soksi. Soksi moja tu, nyeupe, ya mguu wa kushoto, na wala haikuwa mpya. Mpaka leo nikienda kijijini kwetu upande wa Butiama watoto wananiita Magesa Msiba, na mimi naitika, nitafanyaje.

Mimi nauza viatu vya mtumba Musoma mjini. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto hazinaga kidato, na ndoto yangu mimi ni baiskeli. Nilikuwaga naangalia kwenye simu wale wazungu waliovaa miwani wanavyopanda milima wamelala juu ya usukani, basi najisemea moyoni Magesa, na wewe iko siku. Siku hiyo ililetwa na Masatu, jirani yangu wa kibanda anayeuza nguo. Alifungua belo, akatoa kaptura nyeusi ya kubana yenye sponji huku nyuma, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hii ni nepi ya watu wazima au ni nini?"

"Lete hapa, hiyo ni ya waendesha baiskeli. Naenda nayo Bunda, halafu Butiama kwa bibi."

"Wewe? Wewe ukitoka hapa mpaka Nyasho tu unahema kama umefukuzwa na ng'ombe."

Akanipa bure, ili acheke vizuri.

Sasa baiskeli yenyewe msije mkafikiri ni zile za gia. Ni ile nyeusi nzito ya babu, yenye keria aliyoipaka rangi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe (rangi iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa), na kengele kubwa ya duara inayong'aa. Babu alipofariki nikaachiwa mimi kwa sababu nimerithi jina lake. Zamani babu ndiye alikuwaga na baiskeli peke yake kitongojini, kwa hiyo habari zote za mbali yeye ndiye alizileta. Mtoto kazaliwa Musoma, babu. Padre anakuja Jumapili, babu. Sisi wajukuu tukienda likizo tulikuwa tukisikia kengele tangu kule kwenye majabali, ngriing, ngriing, tunatoka mbio bila viatu, maana kwenye keria hakukosekani muwa au mkate, na bibi anatoka jikoni anajifuta mikono anasema, "Mume wangu huyo." Hata mimi bibi ananiitaga mume wangu. Nikiikumbuka sauti ile ya kengele nasikia mpaka harufu ya moshi wa jiko lake.

Basi nikaondoka Musoma asubuhi na mapema, kaptura ya sponji, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, maji kwenye dumu la lita tatu. Siku ya kwanza siielezi sana. Nilipita Makutano najiona bingwa, Kiabakari nikaanza kujiona mgonjwa, na kabla ya Bunda nilishashuka mara nne nikalala chini ya kivuli nikijiuliza nani alinituma. Lakini nilifika! Mtoto wa mtumba nimefika Bunda kwa miguu yangu miwili, nikatamani kumwambia kila ninayepishana naye.

Bunda nilikuwa na shughuli nyingine. Baba mdogo Wambura, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amelazwa pale kwa operesheni ya ngiri, na shangazi ndiye aliyekuwa anamuuguza. Operesheni ilikuwa imefanyika siku hiyohiyo na imekwenda vizuri, nikamkuta anataka ugali na anakatazwa. Shangazi akatoa simu ampigie Mama Nyangeta, jirani yake bibi (bibi mwenyewe hana simu, anasema haongei na mtu asiyemuona), ili bibi apewe habari, maana tangu mwanawe aondoke alikuwa hali vizuri wala halali.

Hapo ndipo nikafungua mdomo wangu.

"Shangazi usipige. Kesho naipeleka mimi mwenyewe kwa baiskeli ya babu, kama alivyokuwaga anafanya yeye. Bibi atafurahi mpaka alie."

Shangazi akaniangalia, akatabasamu, akarudisha simu kwenye pochi. Na kweli bibi alilia.

Kesho yake nikarudi mpaka Kiabakari, nikakata kulia kuelekea Butiama. Matako yalikuwa yanawaka moto (sponji inadanganya, msiamini sponji), simu imezima kwa sababu nilikuwa najirekodi video njia nzima, lakini moyo ulikuwa mweupe, nimebeba habari njema. Nilipoacha lami kuingia njia ya kijijini, ile yenye makorongo na mawe, kengele ya babu ikaanza kupiga yenyewe. Kila jiwe, kri. Kila shimo, kri kri. Kichwa kinauma, jua kali, kri kri kri, nikaona hapana. Nikasimama, nikavua soksi ya kushoto, nikaivisha kengele mpaka chini nikaifunga fundo. Kimya. Nikajisifu kwa akili, nikaendelea.

Mbele kidogo nikamkuta Mzee Manyama, rafiki wa babu, anachunga ng'ombe. Akaiangalia baiskeli, akawasukuma ng'ombe wote pembeni, akavua kofia akaishika kifuani. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wanaheshimu michezo! Nikampungia mkono. Mbele tena kina mama watatu wanatoka kisimani, waliponiona wakatua ndoo chini, mmoja akashika kichwa. Nikawapungia na wao, nikatabasamu na meno yote. Nakumbuka hata niliinuka kwenye tandiko nikakanyaga nimesimama, kama wale wa kwenye simu wanapomaliza.

Nikafika uani kwa bibi. Miguu ikakataa. Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikataka kusema "Bibi, shikamoo, baba mdogo mzima," lakini koo lilikuwa kavu kama ngozi, kikatoka kitu kama "kha". Nikanyoosha mkono kuomba maji. Bibi alikuwa anachambua dagaa mlangoni. Hakunitazama usoni, alitazama usukani. Ungo ukamponyoka, dagaa zikamwagika, akakaa chini akanyoosha miguu mbele, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

Kabla sijanywa yale maji ua ulikuwa umejaa. Wanawake wanaingia wameweka mikono kichwani, wanaume wanaingia kimya, na mimi nimesimama katikati na kaptura ya kubana na soksi moja. Mwanamke mmoja akanifunga kitenge kiunoni.

Nikajua kuna msiba hapa nyumbani na mimi nilikuwa njiani sijaambiwa. Sasa utaulizaje kwa bibi yako "samahani, nani amekufa?" Nikaona ni aibu. Na mimi nina tatizo, nikiona mtu analia siwezi kujizuia, hata mbuzi akichinjwa naondokaga, basi nikakaa chini pembeni yake nikalia. Namlilia mtu nisiyemjua, kwa uchungu kabisa, na kila nikilia wao wanazidisha.

Halafu nikamsikia Mama Nyangeta anaimba kilio: "Wambura wee, Wambura, umemwacha mama na nani?"

Nikajua tayari, baba mdogo kafa asubuhi hii mimi nikiwa barabarani, Bunda wamepiga simu, habari imenipita njiani. Nikajitupa chini mzima mzima nikagaagaa kwenye zile dagaa. Waliokuwa bado na mashaka wakaishiwa mashaka hapohapo. Vijana wakatumwa kuni, mwingine turubai, nikasikia mtu anauliza ni ng'ombe yupi atakayefaa.

Mzee Manyama alishafika na fimbo yake. Akamwambia Mama Nyangeta apige simu Bunda kuuliza mwili utaletwa lini. Shangazi alikuwa ametoka nje ya wodi kwenda kununua maziwa. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, tukasikia wote.

"Pole sana wifi," akasema Mama Nyangeta. "Tumepata habari za Wambura. Mwili mnauleta lini?"

"Mwili? Mwili gani? Wambura! Uwiii!"

Tukamsikia anakimbia, malapa yanapiga sakafu pa pa pa, watu wanamuuliza mama vipi, yeye uwiii tu, halafu ghafla kimya, halafu sauti ya mwanaume inalalamika: "Dada, sasa maziwa yako wapi?"

Ua mzima ukaisogelea simu. Kule upande wa pili kukawa na kuparuzana, kisha ile sauti ikaja karibu. "Haloo. Nani kaniua?"

Mama Nyangeta alitaka kuitupa simu. Bibi akamnyang'anya, akaishika mbali na uso kama inachoma.

"Sauti mtu anaweza kuiga," akasema. "Kama ni Wambura kweli, sema nani alipasua kibuyu changu cha maziwa."

Watu wazima arobaini tunasubiri kesi ya kibuyu.

"Ni mimi mama. Mbuzi nilimsingizia."

"Ni yeye," bibi akasema. Akaanza kucheka na machozi bado yanatiririka. "Ni yeye, muongo wangu. Na mimi nilimchapa yule mbuzi wa watu!"

Sasa watu walipomaliza kucheka na kushukuru Mungu, swali likabaki. Mzee Manyama akauliza, "Nani aliyeleta habari ya kifo?" Wakaangaliana. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi sikuwa nimesema neno moja tangu nifike. Polepole macho yote yakaenda ukutani, kwenye baiskeli, kwenye soksi yangu ambayo ilikuwa imening'inia, tundu la kidole gumba liko wazi.

Bibi ndiye aliyenieleza. Babu akileta habari njema alikuwa akipiga kengele tangu majabalini. Akileta habari ya kifo aliifunga kengele kitambaa cheupe, isije ikalia yenyewe kwenye mawe watu wakatoka wanashangilia. Hasemi neno njiani. Akifika anaegemeza baiskeli ukutani, anaomba maji kwanza, halafu ndiyo wenye nyumba wanajua. Sisi wajukuu hatukuwahi kuona, maana siku kama hizo tulikuwa tukifungiwa nyumba ya nyuma na kupewa karanga.

"Ulifanya kila kitu sawasawa, mume wangu," bibi akasema. "Mpaka kuomba maji ukaomba kama yeye. Nilivyoona ile nyeupe inakuja nikajua mwanangu basi."

Jamani, pale ndipo nilipolia kilio cha kweli. Siyo aibu ya kaptura wala ya dagaa kwenye nywele. Nilikumbuka nilimzuia shangazi kupiga simu ili mimi nionekane kama babu.

Mzee Manyama hakunihurumia. Alisema babu mwenyewe aliwahi kuleta habari ya uongo mara moja, mgonjwa akazinduka, na siku ileile alizunguka kila boma akipiga kengele kuifuta. "Kuna watu wanakuja huku wanalia kutoka ng'ambo ya kilima. Panda."

"Mzee wangu, sina matako tena."

"Panda."

Bibi akainuka. Akaifungua ile soksi (fundo lilimshinda, akalivuta kwa meno, na ile soksi mnajua ilikotoka), akaweka kidole kwenye kengele akapiga mara moja tu. Ngriing. Akaisikiliza mpaka ilipoisha. Mimi niliitumia miaka yote hiyo mjini kufukuza watu mbele ya mizigo ya viatu, sikujua kuna mtu kijijini alikuwa na hamu nayo.

"Nipakie," akasema.

"Bibi, utaanguka."

"Babu yako aliniangusha mara mbili, sikufa."

Akapanda kiupandeupande kwenye keria ya bluu, akashika kitenge changu, nikakanyaga. Mbio zangu za kwanza za masafa marefu ziliishia hivyo, wala siyo pale uani. Nimepiga kengele boma kwa boma, watu wanatoka na nyuso zimevimba kwa kulia, na bibi huku nyuma anapaza sauti, "Ni mzima! Anaulizia maziwa!" Nao wanacheka, wanatukimbilia, wengine wanampa bibi mkono baiskeli bado inatembea. Kwenye majabali jua lilikuwa linashuka, bibi akaegemeza kichwa mgongoni kwangu, nikamsikia anasema taratibu, "Alikuwa akikata kona hapa," kwa hiyo na mimi nikakata.

Tangu siku ile sifungi kengele. Barabara iwe mbovu namna gani, ilie inavyotaka, kichwa kiniume. Na habari njema siicheleweshi tena, napiga simu kwanza, baiskeli inafuata.

Soksi ya kulia ninayo hapa kibandani, Masatu ameitundika msumarini ili wateja waulize. Ya kushoto bibi aliifua, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na kile kitambaa cheupe cha babu. Anasema siku yake ikifika nisitume simu, nije mwenyewe niichukue, nizunguke nayo kimya mpaka boma la mwisho.

Namwambia, mke wangu, siku hiyo baiskeli itakuwa na pancha.