Picha ya kitu kisichoonekana, na mshale aliouchonga marehemu mume wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba.

Mjukuu ndiye kanifungulia akaunti. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, asiyetaka kuamini apite kimya kimya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mie nimeolewa juzi tu, tunakaa Temeke. Temeke ya mchanga na makuti, umeme tunausikia kwa watu wa mjini.

Mume wangu, Fundi Salumu, alikuwa seremala wa fremu. Skuli hakwenda. Alisoma chuo cha Kurani kama mie, kwa hiyo Kiswahili tuliandikaga kwa herufi za Kiarabu. Kila fremu kabla hajaipigilia ubao wa nyuma, aliandika ndani kwa penseli maelezo ya kazi. Ndiyo ilikuwa desturi yake.

Siku moja akaja mwalimu wa Kizungu, anafundisha sayansi shule ya wavulana. Kaleta picha sita kubwa, kurasa za kitabu. Anataka fremu za mninga azitundike darasani. Na kwenye mbao ya kila fremu uchongwe mshale, kufuata mshale uliochapishwa chini ya picha.

Kazi ikimpendeza, Salumu anaajiriwa kuwa fundi wa shule. Jamani, tuliitaka ile kazi! Seremala wa Temeke wakati ule leo anakula, kesho anatazama paa.

Sasa picha zenyewe. Nyeusi tii, ndani yake vimistari vyeupe vyembamba, vingine vimejikunja.

Nikamuuliza, "Bwana mwalimu, hii picha ya nini?"

"Ya kitu kidogo kuliko vumbi," akasema. "Hakuna mtu amekiona. Kimepita ndani ya mvuke, kimeacha njia. Sisi tumepiga picha njia yake."

"Na kinatoka wapi?"

"Mbinguni. Vinashuka saa zote. Vinapita paa, vinapita wewe. Hata sasa."

Wakuu, nilitazama kiganja changu. Subhanallah! Mwili wote ulinisisimka. Siku ile nilipika wali nikiwaza vinapita kwenye sufuria, vinapita kwenye mkono wangu, na sihisi kitu.

Ishu ikaja hapa. Salumu alikuwa anachonga mshale kwanza, halafu anakata maandishi ya chini ili picha ikae vizuri. Ile ya sita, sijui shetani gani, akakata kwanza. Kuchonga akaachia kesho.

Asubuhi nikazoa maranda yote chini, na kile kikaratasi cha mshale humo humo, nikawashia moto wa chai.

"Mwanahawa, kikaratasi kiko wapi?" ananiuliza, na chai yenyewe kaishika mkononi. Nikamwonyesha jiko.

Hakunigombeza. Aliiweka chai chini, akakaa kwenye benchi lake. Bora angenigombeza.

Nikaichukua picha nikaitazama. Mstari mmoja, umesimama, katikati umepenya kibao kilicholala humo pichani. Chini ya kibao umepinda kidogo. Juu yake umepinda sana.

Nikawakumbuka watoto wa jirani wanavyobingirisha kifuniko cha mkebe. Nikakitafuta kimoja, nikakibingirisha kwenye ubao wake mpana.

"Tazama," nikamwambia. "Kikiwa na nguvu kinakwenda karibu moja kwa moja. Kikichoka ndiyo kinajikunja. Hiki cha kwenye picha kimechokea juu, baada ya kupenya kibao. Kinapanda."

"Mwalimu kasema vinashuka."

"Mwalimu kasema. Picha inaonyesha kinapanda."

Akanitazama weee. Halafu akachukua patasi akachonga mshale kwenda juu.

Tulikwenda shuleni wote, yeye na fremu, mie na misumari. Mwalimu akasifia tano. Kufika ya sita, uso ukawa mwekundu.

"Fundi, umekosea! Vitu hivi vinashuka! Umeharibu!"

Nikajua kazi imekwenda na maji, na aliyeiponza ni mie.

Salumu akaingiza mkono mfukoni. Kumbe kifuniko alikibeba! Akapiga goti, akakibingirisha kwenye saruji, akaeleza neno kwa neno nilivyomweleza mie.

Mwalimu akafungua kabati, akatoa kitabu kingine chenye picha ile ile. Akasoma. Akasoma tena. Akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Kinapanda," akasema taratibu. "Waliopiga picha waliweka kile kibao makusudi, kikichoshe, wajue kinatoka upande gani. Fundi, nani amekufundisha?"

"Nimetazama tu, bwana."

Nimetazama tu! Na mie nipo mlangoni na misumari yangu!

Kazi akapata, akaifanya mpaka kustaafu. Mwalimu aliporudi kwao alimwachia picha ile, ikakaa sebuleni kwetu. Kila mgeni Salumu anamsimulia, na kila mara ni yeye aliyetazama. Wakuu, iliniuma. Iliniuma miaka na miaka, sikusema. Amefariki sijamwambia.

Mwezi uliopita kioo kikapasuka. Mjukuu akang'oa ule ubao wa nyuma.

"Bibi, huku kuna Kiarabu."

Nikavaa miwani. Sio Kiarabu, ni Kiswahili, mwandiko wa Salumu. Na ubao ule aliupigilia nyumbani, kabla hatujampelekea mwalimu, kabla hatujajua nani mkweli.

"Fremu ya sita. Mshale unapanda. Kasema Mwanahawa, nami namwamini kuliko mwalimu."

Nililia mpaka mjukuu akataka kuita majirani.

Nilichojifunza, linalokuuma mwambie mtu angali hai. Mie ningesema siku moja tu, naye angening'olea ule ubao nikasoma.

Kioo kipya kimeshatiwa, na ule ubao umepigiliwa maandishi yakiwa nje. Ila safari hii nimeitundika imegeuka, mgongo ndio unatazama sebule. Wageni wakiuliza picha gani hii, nawasomea.

Haya, na nyie ukutani kwenu kuna nini? Hebu geuzeni mtazame nyuma, mje mniambie.