Filamu Ilikuwa Ileile

Mpaka leo nikikutana na yule mzee, mtangazaji mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wetu, namwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa hivyo. Ila hasira haijaniisha.

Tulikuwa majaji watatu: yeye, dada mmoja anayefundisha maigizo chuoni, na mie ninayeingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Tulikaa kwenye ukumbi mmoja Temeke, joto kali, tuchague filamu bora ya kutisha. Majina ya waongozaji yalifichwa, na mzee ndiye aliyetaka hivyo. "Tupime kazi, tusipime mtu," alisema. Nikampenda.

Ikawekwa moja iliyopigwa kule mtaa wa Wazo. Bibi aliyefiwa na mjukuu anaishi karibu na kiwanda cha saruji. Kila asubuhi anafagia vumbi jeupe sakafuni. Siku moja anakuta nyayo ndogo zimetoka mlangoni hadi kitandani kwake. Za kurudi hakuna. Hapigi kelele. Anaegemeza ufagio ukutani, anamimina uji kwenye vikombe viwili.

Dada wa chuo alijifunika mtandio usoni. Mzee akanong'ona, "Audhubillahi," akaomba taa ziwashwe.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. Tukakubaliana wote.

Ndipo mratibu akatusomea majina. Ya Wazo ilikuwa ya jamaa mmoja wa Sinza anayejulikana kwa vichekesho vya walevi, vile vinavyoonyeshwa baa. Na ile iliyotuchosha, milango inajigonga mwanzo mwisho, ilikuwa ya mwongozaji mkubwa ambaye kila mtu anamwita gwiji.

Mzee akakohoa. "Unajua, ile ya Wazo, ukiitazama vizuri, sauti yake ina kasoro."

"Kasoro gani, baba? Si uliomba taa?"

"Labda kabahatisha," dada akadakia. "Hii nyingine ina ukomavu. Ina utulivu."

"Sista, ulisinzia! Nilikugusa bega mie mwenyewe!"

Mzee akasema tufikirie heshima ya tuzo, watu watatuonaje tukimpa mtu wa baa. Filamu haikuwa imebadilika hata picha moja. Kilichobadilika ni nyuso zao, mbele ya macho yangu, na hawakuona haya. Wakapiga kura, wawili kwa mmoja.

Jioni, ukumbi umejaa, mzee akatangaza kwamba gwiji ameshinda kwa kauli moja ya majaji. Nikasimama.

"Si kwa kauli moja! Mie nimekataa. Na nyie wawili mliogopa ile ya Wazo, niliwaona!"

Watu wakaguna. Muziki ukafunguliwa kunifunika.

Nje, jamaa wa Sinza alinifuata, kanuna. "Sista, umeniharibia. Sasa wataniona mlalamishi."

Nilitaka kumzaba kofi. Mtu amedhulumiwa, na bado anawaogopa waliomdhulumu! Nikamwambia kazi yake ni nzuri kuliko yeye anavyojua, na kama hataki kuitetea, basi, mie nitaitetea peke yangu.

Nyuma yake alisimama mama yake mzazi, amevaa kitenge kipya. Ndipo nikamtambua: ndiye yule bibi wa kwenye filamu. Alinishika mkono.

"Kwani wewe uliogopa kweli, mwanangu?"

"Niliogopa sana, mama. Hasa ulipomimina uji."

Akatabasamu, akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

Hawajaniita tena kwenye ujaji. Wasiniite.